Siku Meli Ilipogeuza

Kila siku ya meli Somoe alifunga duka lake la kanga na vitenge mapema, akapika, akashuka gatini na chakula cha mumewe. Watu wa Mbamba Bay walikuwa wamemzoea: mwanamke wa makamo, mwepesi wa miguu, hotpoti mkononi, akimsubiri Nahodha Abdulmalik ashuke baada ya abiria wote kwisha. Meli yenyewe ilikuwa kubwa, ya abiria na mizigo, ghorofa juu ya ghorofa, ndefu kuliko gati lililoipokea. Na mke wa nahodha alikuwa mtu. Wabeba mizigo walimpisha njia, wenye mitumbwi walimwamkia, na akina mama wa usipa, dagaa wa ziwa, walimwekea fungu zuri kabla hajaomba.

Siku hiyo mwera ulikuwa umevuma tangu asubuhi. Ni upepo wa kusini ule, unaokuja na ziwa lote mgongoni. Ulibeba mchanga wa ufukweni ukaumwaga machoni mwa watu, ukagonga mabati ya vibanda kama mtu anayedai afunguliwe. Somoe alijibanza nyuma ya ukuta wa ghala. Mzee mmoja akaja akajibanza kando yake. Alivaa koti zito la watu wa milimani, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu uliokauka.

"Shikamoo, baba," Somoe alimwamkia.

"Marahaba, mama. Hivi meli ikichelewa huwa inachelewa sana?"

"Inategemea upepo. Unampokea mtu?"

"Mke wangu." Mzee alijifuta machozi ya mchanga. "Mimi naitwa Egidi, natoka Mapera huko juu. Mke wangu Hilda alikwenda Kyela kwa binti yetu aliyejifungua. Homa ikamkamata huko huko, akang'ang'ania kurudi kwake. Sasa ndani ya meli amezidiwa. Mama mmoja aliyekaa naye amenipigia simu, anasema hata maji hayakai tumboni. Gari langu lile pale."

Aliionyesha pikapu ya kukodi iliyoegeshwa karibu na geti. Nyuma walikuwa wametandika godoro, na juu ya godoro mto wenye foronya nyeupe iliyotariziwa maua. Mtu aliiwekea foronya hiyo jiwe katikati isipeperuke.

"Tukimshusha tu, moja kwa moja hospitali Mbinga," mzee alisema. "Barabara sasa ni lami. Dereva anasema hatuchelewi."

"Mungu ni mwema, baba. Watafika sasa hivi."

Honi ikalia, na watu wakatoka kwenye vivuli vyao.

Meli iliingia kwenye ghuba polepole. Somoe aliiona ikielekeza pua yake gatini, akaiona pia mitumbwi ya wauza ndizi na wapagazi ikichomoka ufukweni kama kawaida yao, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kufika ubavuni. Kabla meli haijafika, mwera uliipiga ubavuni. Kitu kikubwa namna ile kikaanza kwenda upande kama mlango unaofungwa na upepo. Tezi, nyuma ya meli, ilizunguka. Maji nyuma yake yakachafuka kwa nguvu ya injini, na meli ikarudi kinyumenyume kutoka gatini.

"Anajipanga," mtu mmoja alisema.

Akaja tena. Safari hii alikaribia mpaka watu wa gatini wakaona nyuso za abiria, na mabaharia wamesimama na kamba mkononi tayari kurusha. Mzee Egidi alianza kupunga koti lake. Upepo ukavuta pumzi, ukavuma upya. Meli ikainama kidogo, honi ikalia mfululizo, mitumbwi ikatawanyika, na pengo la maji baina ya meli na gati likaanza kupanuka. Likaendelea kupanuka. Meli iligeuza, ikatoka kwenye ghuba, ikaelekea nyuma ya kisiwa ambako mwera haufiki.

Watu waliifuata kwa macho mpaka ikapotea.

"Anakwenda wapi?" mzee Egidi aliuliza. Akamgeukia mtu huyu, akamgeukia yule. "Jamani, anakwenda wapi na wagonjwa?"

"Muulize huyo hapo," kijana mmoja wa mizigo alijibu, akimwonyesha Somoe kwa kidevu. "Huyo ndiye mke wa nahodha."

Mzee alimtazama Somoe. Akaitazama na hotpoti.

"Atarudi, baba," Somoe alisema. "Upepo ukitulia atarudi."

Mzee Egidi alikimbia ufukweni, akawasihi wenye mitumbwi wampeleke kisiwani. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwonyesha mawimbi yaliyokuwa yakipasuka nje ya ghuba, wakatikisa vichwa. Alikwenda mpaka kwa mwenye boti ya injini. Naye akatikisa kichwa.

Mwera ulivuma mchana kutwa na jioni. Somoe alirudi nyumbani na chakula chake. Mzee alibaki gatini.

*

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala kama halijafanya lolote. Meli ikaja, ikafunga gati bila tabu. Hilda alishushwa akiwa amefunikwa kitenge cha mtu mwingine. Alikuwa amefariki jana yake, jua likiwa bado liko juu.

Wanaume wanne walimbeba mpaka kwenye pikapu, wakamlaza juu ya lile godoro. Mzee Egidi hakulia mbele za watu. Aliutoa ule mto, akasimama nao hajui auweke wapi, mwishowe akampa dereva aushike.

Nahodha Abdulmalik alishuka wa mwisho, kama siku zote. Hakuwa amelala, macho yake yalikuwa mekundu na kofia aliishika mkononi. Alikwenda mpaka kwenye pikapu.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

Mzee Egidi alifunga mlango wa nyuma wa gari, akajaribu kama umekaza, akapanda mbele, gari likaondoka. Vumbi lake lilimwangukia nahodha. Somoe aliona watu wakimtazama mumewe, na akaona hakuna hata mmoja aliyemsogelea.

Nyumbani alimwekea maji ya kuoga, akamwekea chakula. Abdulmalik alikula matonge machache.

"Nilikuona gatini," alisema. "Ulisimama pembeni kabisa, pale kamba zinapofungwa."

"Tulisimama wengi."

"Najua. Niliwaona wote." Alisukuma sahani. "Meli ile ikienda taratibu haisikii usukani, Somoe. Inausikia upepo. Ubavu wake ni kama tanga, na gati letu ni fupi. Ningekaza mwendo ili inisikie, ningeingia na kasi. Na mitumbwi ilikuwa imeshafika, katikati ya meli na nguzo. Unajua meli ikikandamiza mtumbwi kwenye nguzo kinabaki nini?"

"Na nanga?"

"Mchanga ule haushiki nanga katika upepo ule. Tungeburuzwa mpaka kwenye mawe."

Somoe alisema amemwelewa. Lakini usiku, akiwa amemgeuzia mgongo, alikuwa anauona uso wa yule mzee akipunga koti, na anaona jinsi meli ilivyokuwa imekaribia. Mabaharia walikuwa na kamba mkononi. Pengine, aliwaza, pengine mume wangu aliogopa tu. Lilikuwa wazo dogo, na alilificha kama mtu anavyoficha kidonda mahali pa aibu.

*

Mji hauhitaji kikao kumhukumu mtu. Ilianza kama utani. Watoto walipomwona Abdulmalik akipita kwenda msikitini, mmoja alipiga honi kwa mdomo, mwingine akajizungusha na kukimbia kinyume. Baadaye jina likapatikana: Bwana Geuza. Lilienea sokoni, likaenea kwenye vijiwe vya bodaboda, na siku moja Somoe alilisikia kwa mteja wake mwenyewe ndani ya duka lake.

"Doti hii nitaichukua kesho," yule mama aliwaambia wenzake akicheka, "au na mimi nigeuze kama Bwana Geuza."

Aligeuka akamwona Somoe akitoka nyuma na mita ya kupimia. Akakohoa. Wote wakakohoa. Kesho yake hakurudi kuichukua.

Gertruda, aliyeuza usipa kibanda cha mbele, ndiye peke yake aliyesema wazi. Walikuwa marafiki kwa miaka mingi. Watoto wao walinyonya pamoja.

"Mama Kauthar, mimi sikufichi," alisema, akiendelea kuanika dagaa wake bila kuinua uso. "Mwanamke amefia majini, mume wake anaona. Ungekuwa wewe?"

"Upepo ule uliuona, Gertruda."

"Niliuona. Lakini nahodha analipwa kwa ajili ya nini? Kwa upepo au kwa ziwa tulivu? Ziwa tulivu hata mimi naweza."

Tangu siku hiyo walisalimiana tu. Fungu zuri la usipa halikuwekwa tena.

Wenye meli nao walipiga simu. Walizungumza kwa upole mno. Nahodha apumzike kwanza nyumbani, walisema, mpaka maneno yapungue. Abiria wanalalamika, na ndugu wa marehemu wameumia. Meli ataishika msaidizi wake, Frederick. Abdulmalik alisikiliza amesimama, akajibu, "Sawa, mkuu. Nimeelewa, mkuu." Alipokata simu aliiweka mezani kifudifudi.

Basi akawa mtu wa nyumbani. Alirekebisha bawaba za milango yote. Alipalilia ua usiokuwa na majani. Msikitini alisali safu ya nyuma akatoka wa kwanza. Somoe alipotoka dukani alimkuta ameketi barazani ametazama upande wa ziwa, na walipozungumza walizungumza juu ya chumvi na mkaa. Binti yao Kauthar, aliyekuwa akisoma Songea, alipiga simu kuuliza kama ni kweli yanayosemwa. "Soma, mwanangu," baba yake alimwambia. Hakuongeza.

*

Mwera ulirudi siku ambayo Frederick alikuwa anaingia na meli.

Somoe hakuwa na sababu ya kwenda gatini tena, lakini alikwenda. Hakubeba kitu. Alisimama nyuma ya watu, mtandio ameuvuta mpaka kwenye paji la uso. Gati lilikuwa limejaa kuliko kawaida. Ilionekana habari zimezagaa kwamba leo ndiyo leo.

Meli ikaja. Upepo ukaipiga palepale ulipoipiga siku ile. Tezi ikazunguka vilevile. Lakini Frederick hakurudi nyuma. Injini ziliunguruma, na meli ikaja na ubavu wake wote, kubwa, nyeupe, ikipanda juu ya watu kama ukuta unaotembea. Watu walipiga kelele wakarudi nyuma wakikanyagana. Na Somoe, katikati ya kelele zile, aliusikia moyo wake ukisema neno moja waziwazi: Igonge.

Si sana. Igonge kidogo tu. Ivunje nguzo moja, wote waone.

Meli haikugonga. Ilitua kwenye matairi ya gati kwa kishindo kilichotikisa miguu ya watu, ikarudi kidogo, na mabaharia wakarusha kamba. Zikashikwa. Zikafungwa. Gati zima likalipuka kwa shangwe. Wanawake walipiga vigelegele. "Hivyo ndivyo! Mwanamume huyo!" Kijana wa mizigo alimwona Somoe, akapaza sauti, "Mama, kamwambie mzee wako! Kumbe inawezekana!"

Somoe alitembea mpaka nyumbani, akaingia jikoni, akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi na mikono mapajani. Zaidi ya watu mia walikuwa kwenye ile meli. Kulikuwa na watoto wachanga migongoni mwa mama zao. Aliwaona wakishuka.

Baada ya magharibi mtu alibisha hodi. Alikuwa Frederick. Hakuvaa sare, alivaa fulana, na alipopokea kikombe cha kahawa kilicheza kwenye kisahani mpaka ikabidi akiweke chini.

"Hongera," Abdulmalik alimwambia. "Nimesikia vigelegele mpaka hapa."

"Nahodha, usinipe hongera." Frederick alitazama mlangoni kama aliyefuatwa. "Meli haikunisikia. Nilikata usukani wote kushoto, ikaenda ilikotaka. Nikarudisha injini nyuma, ikaendelea kwenda. Nilishaacha, nahodha. Niliachia mikono. Halafu upepo ukakatika wenyewe, ghafla, ikatua. Ungechelewa kidogo tu kukatika, mimi leo ningekuwa nimewasaga watu."

Abdulmalik aliivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Kawaambie wenye meli," hatimaye alisema. "Waambie kama ulivyoniambia mimi."

"Wamenipigia simu leo. Wamefurahi mno. Wanasema nitathibitishwa kuwa nahodha."

"Ndiyo. Lakini waambie."

"Nahodha..." Frederick aliinamisha kichwa. "Nina mke, nina wazazi Liuli wananitegemea. Nikisema hivyo watasema sijui kazi."

Somoe alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Kama huwezi kuwaambia," alimuuliza, "sasa hapa umekuja kufanya nini, shemeji?"

Frederick alifikiri kabla ya kujibu, na alijibu kwa unyofu.

"Nimekuja ili nipate usingizi, shemeji. Nilitaka mtu mmoja ajue."

Aliondoka bila kumaliza kahawa. Somoe alikusanya vikombe, akasimama navyo.

"Na mimi nina neno," alimwambia mumewe. "Leo gatini nilitamani igonge."

Alidhani atashtuka. Abdulmalik aliangalia mikono yake.

"Mimi nilikuwa hapa barazani nasikiliza," alisema. "Nilikuwa nasubiri kishindo."

Hawakuweza kutazamana. Somoe alikwenda jikoni kuosha vikombe viwili vilivyokuwa vichafu na kimoja kilichokuwa kisafi.

*

Mzee Egidi alikuja wakati watu wa milimani wamemaliza kuanika kahawa. Somoe alimwona kwenye njia akimwuliza mtu, na yule mtu akionyesha nyumba yao huku anacheka. Koti lilikuwa lilelile. Alikuwa amepungua ndani yake.

Abdulmalik alisimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alikaribishwa kiti, akakaa ukingoni. Alileta mfuko wa maharage, akamkabidhi Somoe kwa mikono miwili kama mgeni yeyote mwenye adabu anavyofanya. Halafu akakaa na magoti yake yameshikana.

"Kesho nasafiri na meli," alianza. "Binti yangu Glorious hakuja kumzika mama yake, alikuwa na kichanga cha siku chache. Namfuata Kyela, nimlete tumalize msiba kule nyumbani. Nikasema siwezi kupita hapa bila kufika kwako. Nina swali, nahodha. Nimetembea nalo sana."

"Uliza, mzee."

"Hilda alijua kwamba mmegeuza?"

Somoe alitaka mumewe aseme hapana. Lingekuwa jambo rahisi, na hakuna ambaye angeweza kulipinga. Mgonjwa wa homa hajui meli inakwenda wapi.

"Alijua," Abdulmalik alisema. "Tulipofika nyuma ya kisiwa nilimwachia Frederick usukani, nikashuka mwenyewe. Alikuwa kwenye benchi karibu na dirisha, yule mama amempakata kichwa. Nikamwambia, mama, upepo umenikatalia, tutangoja. Akaniuliza, tulilolikaribia ni gati la Mbamba Bay? Nikamwambia ndilo."

"Akasemaje?"

Abdulmalik alimtazama usoni.

"Alisema, 'Mbona lilikuwa karibu hivyo?'"

Kuku alipita, akadonoa kitu, akaenda zake.

"Basi?" mzee Egidi aliuliza.

"Basi. Hakusema neno lingine kwangu. Nilikaa naye kidogo nikarudi juu. Walipokuja kuniita alikuwa ameshatangulia."

Mzee Egidi alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke.

"Ndivyo alivyokuwa akisema," alisema. "Ni yeye. Watu wote wananiambia alikufa kwa amani. Paroko kaniambia, shemeji zangu wameniambia, hata wale ambao hawakuwapo melini wananiambia. Nikawaza, hawa wanamsema nani? Hilda hakuwa mtu wa kunyamaza." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hata mimi nililiona liko karibu, nahodha. Ningeweza kukurushia jiwe."

"Najua, mzee."

"Ungeingia, ingekuwaje?"

Somoe alishika nguzo ya baraza. Haya sasa, aliwaza, mwambie ya Frederick. Mwambie meli haisikii, mwambie juu ya mitumbwi.

"Sijui," Abdulmalik alisema. "Pengine ningefunga salama, na mkeo angefika hospitali. Pengine ningeua watu. Niliogopa, nikageuza. Nikiona tena nilichokiona siku ile, nitageuza tena. Lakini kusema najua ingekuwaje, nitakudanganya."

Mzee Egidi hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliuliza kama kuna nyumba ya wageni karibu. Somoe akamwambia nyumba za wageni zipo ila atalala hapa. Kitanda cha Kauthar kiko wazi. Mzee alisita, akatazama ziwa lililokuwa likianza kuwa la kijivu, akakubali.

*

Asubuhi mwera haukuwa umeanza. Palikuwa na upepo mdogo tu wa kuyumbisha majani ya migomba, na meli ilikuwa gatini ikipakia. Abdulmalik alimsindikiza mzee. Ilikuwa mara ya kwanza kushuka gatini tangu alipozuiwa, na Somoe alifuata nyuma akiwa na mkoba wa mgeni. Njia nzima watu waliacha walichokuwa wakifanya.

Karibu na geti Abdulmalik alisimama. Alitazama kusini, ambako juu ya maji palikuwa na ukungu mwembamba wenye rangi ya majivu. Alitazama muda mrefu.

"Mzee," alisema, "mimi leo nisingeiondoa."

"Kwa nini? Ziwa mbona limetulia?"

"Hapa limetulia. Kutoka si kazi. Huko mbele itaingia kwenye bandari ndogo ndogo na huo mwera unaokuja nyuma yake, na meli imejaa. Ni mimi ninayesema, na mimi si nahodha tena. Kupanda ni juu yako."

Kijana wa mizigo alikuwa ameshawasikia. "Jamani, Bwana Geuza kaja kugeuza na abiria!" alipaza sauti, na kicheko kikapita gati zima mpaka kwenye ngazi ya meli. Gertruda alikuwepo na ndoo zake. Hakucheka, lakini alitazama pembeni. Juu, kwenye dirisha la chumba cha usukani, Somoe alimwona Frederick akiwatazama. Kisha akaondoka dirishani.

Mzee Egidi alisimama na tiketi mkononi. Alimtazama nahodha kama mtu anavyotazama mbegu ya kahawa kabla ya kuinunua.

"Nipe mkoba wangu, mama," alimwambia Somoe.

Somoe akampa. Mzee akautupia begani, akaipa meli mgongo, akaanza kupanda njia ya kurudi nyumbani kwa nahodha. Kicheko kilimfuata. Hakugeuka.

Mwera ulianza kabla ya adhuhuri. Siku hiyo Somoe hakupima kitambaa cha mtu. Alikaa dukani mlango wazi, akasikia mabati yakigonga. Aliijua meli ile ilivyojaa. Alikuwa amewaona wakipanda. Aliwaza juu ya Frederick, mikono yake kwenye kikombe. Alijua vizuri kwamba meli ikifika salama, watacheka mwaka mzima, na jina la mumewe halitatoka tena. Lilikuja lile neno la siku ile, Igonge, likasimama mlangoni mwa moyo wake. Alilitazama. Halafu akatandika mkeka nyuma ya kaunta, akasali, akaomba kwa sauti: Ifike, ewe Mola. Wote waliomo, wafike. Akarudia mpaka sauti ikakauka.

Simu ya mzee Egidi ililia jioni, wakiwa barazani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kubwa, kila mtu aliisikia.

"Baba! Nipo bandarini, meli imeshafika, abiria wote wameshashuka, mbona sikuoni? Uko wapi?"

"Nipo Mbamba Bay, Glorious. Imefika salama?"

"Imefika vizuri kabisa! Wewe kwa nini hukupanda? Umeumwa?"

"Sijaumwa. Nitakuja na nyingine. Rudi nyumbani, mtoto asipigwe na baridi."

Alizima simu.

"Imefika," alisema.

"Alhamdulillahi," Abdulmalik alisema, na Somoe akalisema pamoja naye, kwa moyo wote, akashangaa jinsi lilivyomwuma. Njiani watu wawili walipita na habari hiyohiyo, wakiisema kwa sauti iliyokusudiwa kufika barazani.

"Nimekupotezea safari, mzee," Abdulmalik alisema walipokwisha kupita. "Na binti yako nimemsumbua bure."

"Umenipotezea," mzee Egidi alikubali.

Somoe alileta ugali na mboga, akaleta maji ya kunawa. Kwa kawaida angekula jikoni peke yake. Jioni hiyo alivuta kigoda akakaa nao. Mwera ulikuwa bado unavuma, na taa ya barazani ilikuwa ikiyumba, ikiwasogeza na kuwarudisha vivuli vyao ukutani.

"Nyingine inaondoka lini?" mzee aliuliza.

"Wiki ijayo. Upepo ukikubali."

"Ukikataa je, utaniambia?"

Abdulmalik aligeuka akatazama kusini. "Utaiona meli inaondoka, mzee. Wengine watapanda."

"Sijakuuliza habari za wengine," mzee Egidi alisema. Alinyoosha mikono, na Somoe akammiminia maji.